Nikiuliza swali kwa mitingi, wote wanaangalia viatu

Habari yako Mjomba. Nimekuwa nikisoma majibu yako kitambo na sikuwahi dhani siku moja nitakuandikia, lakini hii wiki imenishinda kabisa na bwanangu amechoka kuniskiza, kila jioni ni stori ya kazi, kazi, kazi, mpaka anaongeza sauti ya TV.

Mimi ni supavaiza kwa kampuni ndogo huku Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road. Tunapakia sukari, mchele na ndengu kwa pakiti za nusu kilo na za kilo, zinapelekwa madukani. Niko na watu 26 chini yangu, wengi wanatoka Mukuru kwa Njenga na kwa Reuben, hao wanakuja na miguu, wengine Pipeline na Kayole. Nilipandishwa cheo mwaka jana. Kabla ya hapo nilikuwa palepale kwa laini na hao hao, tunakula chapo dondo kibanda kimoja, tunachekana. Siku hizi nikikaribia stori inakatika kama redio imeisha betri.

Shida ilianza bosi alipoenda semina fulani akarudi na kitabu kimejaa noti. Akaniambia wafanyikazi wetu hawana moyo wa kazi na dawa ni mawasiliano, nishughulikie. Nikashughulikia. Nikaanzisha mitingi ya dakika kumi kila asubuhi, nikafungua grupu ya WhatsApp, nikaenda mpaka Gikomba nikatengenezewa sanduku la maoni la mbao, na kufuli yake, pesa nikatoa kwa mfuko wangu. Baada ya miezi miwili nikalifungua. Ndani kulikuwa na karatasi mbili za peremende na kifuniko cha soda.

Sasa mwezi wa sita, Jumapili, saa tatu na dakika 47 usiku (nakumbuka juu message bado iko), bosi ananiambia kuanzia kesho tunaanza saa kumi na mbili na nusu badala ya saa mbili. Nikaandika kwa grupu, kwa Kizungu kizuri kabisa kwa sababu bosi pia yuko humo. Asubuhi watu 11 wakachelewa. Bosi akasema wakatwe nusu siku, na mimi ndiye niliandika hayo majina.

Tangu hapo ni kimya. Nikiuliza kwa mitingi "kuna swali?" wote wanaangalia viatu. Kwa grupu ni tiki za bluu tu, na mama mmoja anatuma ile mikono ya maombi kwa kila kitu, hata nikitangaza maji yamepotea. Halafu nikagundua kuna grupu ingine. Simu ya msichana mmoja ilikuwa imewekwa juu ya meza, ikawaka, nikaona jina la grupu: "Bila Yeye". Na message ilikuwa inasema ati hata hii pesa ya SHIF, ile bima ya afya, kampuni inakula. Mjomba nilienda choo nikalia.

Kilichonifanya niandike ni cha wiki jana. Mashini yetu ya kuziba pakiti ilikufa. Mtu wa kuirekebisha akaja akasema beringi iliisha zamani ikaendelea kusaga mpaka ikala shafti, kama ingebadilishwa mapema ni pesa kidogo tu. Tumekaa siku mbili bila kupakia na mteja mmoja mkubwa akaenda kwingine. Nikamuuliza jamaa wa hiyo mashini kama hakuskia kitu. Akasema, "Niliskia ikilia tangu Jumatatu." Nikamuuliza sasa mbona hukusema? Alikuwa anapangusa mikono na kitambaa, akaangalia kitambaa, hakuniangalia mimi. "Si niliambiwa nifanye kazi yangu."

Na ni kweli aliambiwa. Mwezi wa saba alisema mbele ya watu wote kwamba grisi imeisha, bosi akamjibu afanye kazi yake, mambo ya ofisi awachie wenye ofisi. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo.

Sasa bosi anataka huyo jamaa afutwe, halafu wengine wote tuwapeleke Naivasha timu bildingi ndio moyo urudi. Ananiuliza tuanze na gani. Mimi nafanyaje, Mjomba? Nimejaribu kila kitu.

Supavaiza aliyechoka, Nairobi


Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika mambo ya grupu, sanduku, shifti, mashini, Naivasha, lakini kwangu mimi kila kitu kiko kwa maneno mawili uliyoyaficha pale karibu na mwisho: "nikacheka kidogo". Watu 26 waliona hicho kicheko. Bosi kumfokea mtu hawakushangaa, mabosi wanafokanga. Wewe ndiye walikuwa wanangoja waone utakaa upande gani, juu ulikuwa unakula dondo na wao.

Kwa hivyo wacha kwanza nikukatalie kitu kimoja. Umesema watu wako hawaongei. Wanaongea! Wana grupu yao, wanapeana habari hata za SHIF, na nina hakika hiyo mashini ikilia ilijadiliwa huko Jumatatu jioni mpaka vichekesho vikatengenezwa. Mawasiliano yako tele hapo kazini kwenu, ni wewe uko nje. Na usijaribu kuingia. Usiombe kuongezwa, usitafute mtu wa kukuletea skrinshoti, na huyo msichana wa simu usimguse wala usimwangalie vibaya. Kila kazi ina grupu kama hiyo. Hata mimi nilikuwa nayo, ila zetu zilikuwa chini ya mti nje ya geti.

Sasa huyo fundi wenu, yule jamaa wa mashini. Bosi anasema hakuripoti, lakini kwa barua yako mwenyewe aliripoti. Mwezi wa saba alisimama mbele ya watu akasema grisi imeisha, na kama mtu wa mashini anakwambia grisi imeisha anakwambia beringi inaenda kuisha, ni lugha moja. Jibu akapewa, akalitii. Ukimfuta huyo leo umewafundisha wale 25 wengine kwamba ukiongea unafokewa na ukinyamaza unafutwa, sasa mtu afanye nini, si atafute kazi kwingine tu.

Na mwambie bosi hili kwa upole: mtu hafutwi hivyo tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka kabla ya kumfuta mtu kwa makosa au kwa utendakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoelewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyikazi hapo kando, na maelezo yake yaskizwe kabla ya uamuzi. Sasa fikiria maelezo yake yatakuwa gani. "Nilisema grisi imeisha nikaambiwa nifanye kazi yangu." Na mashahidi 26 wako, mmoja wao ni wewe. Kama mimi ningekuwa bosi singependa hiyo hadithi isomwe kwa mahakama ya kazi pale Milimani.

Ukimaliza kwa bosi, nenda kwa fundi. Usimwite ofisini, mtu akiitwa ofisini anaanza kuhesabu siku zake. Nenda kwa mashini, asubuhi, wengine wakiwa wanaskia. Mwambie: "Mwezi wa saba ulisema grisi imeisha. Ulikuwa na haki, na mimi nilicheka, nilikosea." Basi. Usiongeze "lakini". Usieleze vile wewe pia una presha kutoka juu, hiyo presha atajua mwenyewe. Alifedheheshwa mbele ya watu kwa hivyo msamaha pia uwe mbele ya watu, ukimnong'onezea kando unajisaidia wewe tu. Bosi kuomba msamaha sikuahidi, huenda hataomba. Fanya wako.

Halafu tuje kwa zile nusu siku, hapa ndio nina hasira kidogo na wewe. Sheria hiyo hiyo inasema mambo kama saa za kazi yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyikazi na amjulishe kwa maandishi, hicho ni kifungu cha 10. Message ya Jumapili saa tatu usiku mtu akiwa ashaisha bando si kushauriana. Na kifungu cha 19 kinachosema mwajiri anaweza kukata nini, kwa upande wa kukosa kazi kinazungumzia mtu aliyekosa siku nzima bila ruhusa wala sababu. Kuchelewa si kukosa siku nzima. Kwa hivyo hizo pesa zirudi.

Na umewahi kuwauliza ni kwa nini walichelewa? Mimi watu wako siwajui lakini hiyo barabara naijua. Kuingia kwa laini saa kumi na mbili na nusu umevaa dasti koti, mtu wa Mukuru anatoka nyumbani kama saa kumi na moja na kitu, ni giza totoro, kama ni mama anapita vichochoro akiwa ameshika simu ndani ya sidiria na moyo mkononi. Na kama ana mtoto, huyo mtoto anaachiwa nani saa hiyo? Wa Kayole naye anasukumana na matatu bei ikiwa imepandishwa. Pengine ukiuliza utapata kwamba saa moja kamili ingewezekana kwa wote, au kwamba wanaotoka karibu waanze mapema na wengine wafuate. Sijui, na wewe hujui, na bosi hajui. Wanaojua walikuwa kwa grupu yenu wakisoma Kizungu kizuri.

Kwa bosi usiende na maneno ya moyo, mabosi wa Industrial Area wanaelewa hesabu. Kaa chini na kalamu. Tuseme mtu analipwa 1,000 kwa siku, nusu siku ni 500, mara watu 11 ni 5,500. Hizo ndizo mlizookoa mwezi wa sita. Upande wa pili andika shafti, andika mtu aliyeitwa kurekebisha, andika siku mbili za watu 26 kukaa tu, andika mteja aliyeenda. Mpe hiyo karatasi na unyamaze, mwache asome mwenyewe.

Sasa hiyo mitingi yako. Mpwa, "kuna swali?" si swali. Sisi wote tumesoma shule za hapa, mwalimu akisema "kuna swali?" tunajua anafunga kitabu, na yule anayeuliza ndiye anachelewesha wenzake kwenda nyumbani. Wacha hiyo kabisa. Uliza kitu chenye kichwa na miguu: leo nini kitatuchelewesha? Jana ni gunia gani zilikuja zimelowa? Kati ya hizi mashini tatu ni gani hamuiamini? Mtu atajibu kitu kidogo, pengine ati taa ya kule nyuma imeungua. Hapo ndipo kazi yako inaanza, na kazi yenyewe ni kurudi kesho na jibu la taa.

Nikupe moja ya kwangu. Zamani nilikuwa mwakilishi wa chama kwa kiwanda kimoja upande wa Enterprise Road, tukilia miezi na miezi juu ya glavu, watu wanashika vyuma na mikono mitupu. Kila meneja alikuwa anasema "tunaliangalia". Hiyo "tunaliangalia" ukiiskia jua imezikwa. Akaja mmoja, mwembamba hivi, mnyamavu, hakuwa na hotuba yoyote. Tukamwambia glavu. Akatoa kalamu akaandika kwa kipande cha katoni: glavu, hapana mwezi huu, pesa imeenda kwa stima, tarehe 15 mwezi ujao. Akakipachika na selotepu kwa mlango wa choo, mahali kila mtu anapita. Sisi tukacheka. Tarehe 15 hakuna glavu. Tarehe 16 asubuhi akaja mwenyewe na karatasi ya manila imejaa, zilikuwa jozi 14 na sisi tulikuwa zaidi ya 40, akasema zingine ni wiki ijayo, akafuta 15 akaandika 16, na chini yake akaandika bado 30. Nakwambia hiyo wiki watu walimletea mambo yote, bomba linalovuja, ngazi iliyolegea, mpaka mmoja akamwambia ya ndoa yake. Kitu kilichotufungua mdomo ni ile "hapana" yenye sababu, na ile 15 aliyoifuta mbele yetu bila aibu.

Tafuta basi katoni, hapo kwenu hazikosi. Andika kilichosemwa, nani anashughulikia, lini, na kama ni hapana sema hapana. Cha kwanza kabisa kuandika ni grisi. Cha pili ni zile nusu siku.

Andika kwa Kiswahili. Hiyo grupu yenu yote inaandikwa Kizungu kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja pia Kiswahili anakijua, si anafokea watu nacho. Na kitu chochote cha kubadilisha saa au pesa kisipitie kwa simu kwanza. Kiseme uso kwa uso, mapema, halafu simu ikumbushe.

Ile message ya SHIF uliyoiona, kulia ulilia bure, hiyo ilikuwa zawadi. Umejua wanachoamini. Sasa wachukue nusu saa siku ya mshahara uwafungulie karatasi. Mtu wa 30,000 kwa mwezi NHIF, ile bima ya zamani, ilikuwa inamkata 900. SHIF ilipoanza Oktoba 2024 ikawa asilimia 2.75, kwake ni 825, yaani ilishuka shilingi 75 na hakuna mtu alimwambia. Kilichopanda ni NSSF ya uzeeni, ilikuwa ni zile 200 za zamani mpaka mwanzo wa 2023, sasa huyo huyo anakatwa 1,800, na ile tozo ya nyumba asilimia moja na nusu ni 450. Waonyeshe pia kwamba kampuni inatakiwa kuweka 1,800 zake na 450 zake juu ya hizo, na kama bosi anaziweka kweli basi atoe risiti watu waone. Kama haziweki, mpwa, hiyo ni barua ingine na usiiandikie mimi. Wale wa kudumu sheria inataka wapewe maandishi yanayoonyesha kila kilichokatwa na ni cha nini, kwa hivyo wewe huwafanyii hisani, unasoma tu kile kinachopaswa kuwa mkononi mwao.

Kitu kingine kidogo nipite haraka. Mko zaidi ya 20, kwa hivyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka muwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyikazi. Kama haiko, ianzeni, na mwakilishi wa kwanza mimi ningempigia kura huyo fundi wa mashini.

Naivasha iahirisheni. Sina shida na mbuzi choma na kuvutana kamba, lakini ukiwapeleka watu huko na nusu siku yao bado hujarudisha, watavuta kamba wakihesabu basi limekodishwa ngapi. Sanduku nalo lipeleke nyumbani uwekee vitunguu, kufuli inaonekana ni nzuri.

Na wewe mwenyewe, kwa sababu naona unaumia. Rudi kibandani. Siku ya kwanza watanyamaza, agiza dondo yako, kula, lipa, salimia, ondoka. Usikae ukingoja kupendwa. Urafiki wa zamani ule wa kwa laini sidhani utarudi ulivyokuwa, sasa wewe ndiye unaandika majina, na ni haki yao kuwa na mahali pa kukusengenya. Grupu ya "Bila Yeye" iache ikae. Siku moja mashini italia tena na mtu atainua kichwa akuite, hiyo inatosha.

Jumatatu ukienda kwa fundi usiende mikono mitupu. Pitia duka la spea ununue mkebe wa grisi, muulize kwanza ni ya aina gani, usije ukamletea ya magurudumu.

Mjomba